Nondo Wawili wa Bustani ya Michungwa



Katika majira ya mavuno yaliyopita tuliulizwa mara nyingi habari ya machungwa yanayoanguka kabla ya wakati wake. Wengine waliuliza kwa barua, wengine kwa midomo yao tulipokuwa tukizuru sharika za bondeni upande wa Muheza, ambako watu wengi hupata ada ya shule ya watoto wao, na sadaka yao ya mavuno pia, kwa fedha ya machungwa. Swali lao lilikuwa moja: "Mdudu huyu auawaje?" Nasi twajibu kwanza kwa kuuliza: Ni mdudu yupi? Maana katika bustani ya michungwa wako nondo wawili wenye kuangusha matunda, na dawa ya mmoja haimwezi mwingine hata kidogo. Mtu asiyewatenganisha atafanya kazi ya bure mwaka mzima. Tena aweza kumtendea jirani yake neno baya lisilotengenezeka upesi, kama tutakavyoeleza.

Nabii Yoeli alipoeleza hasara ya nchi yake hakusema "wadudu" basi. Katika mlango wa kwanza wa kitabu chake aliwataja kwa majina manne, mmoja akila alichosaza mwenzake. Mkulima ajuaye kazi yake husema hivyo. Lakini kwa habari ya nondo sisi tumekuwa wavivu: kila chenye mabawa ya vumbi kirukacho usiku twakiita nondo, nayo mazungumzo huishia hapo.

Kwanza na tukumbuke maisha ya nondo yalivyo. Yana hali nne. Huanza yai, katika yai hutoka kiwavi, kiwavi akiisha kushiba hujifumia kifuko na kulala ndani yake kana kwamba amekufa, na katika kifuko hutoka nondo mwenye mabawa. Kiwavi ana taya za kutafuna. Nondo mwenye mabawa hana taya za namna hiyo. Badala yake ana mrija, ambao huukunja chini ya kichwa kama kamba iliyozungushwa, na kuukunjua atakapo kunywa. Basi kiwavi hutafuna, na nondo hunywa. Na wengine wakiisha kupata mabawa hawali wala hawanywi mpaka wafe. Nondo wa nguo, ambaye Bwana wetu alimtaja katika hotuba ya mlimani, ni mmoja wa hao. Yule unayemwona akirukaruka kabatini hajala kitu chako. Aliyekula koti la sufu ni kiwavi, naye bado yumo katika mikunjo ya nguo. Twalitaja jambo hili kwa sababu tumeona akina mama wakimpiga nondo kwa kandambili na kulifunga sanduku kwa furaha, na kiwavi yumo ndani.

Kwa hiyo, mtu akiona hasara ya nondo katika bustani, imempasa kujiuliza: Aliyefanya haya ni mtoto au ni mzazi? Katika michungwa yetu, nondo mmoja huharibu akiwa mtoto, na mwingine huharibu akiwa mzazi.

Tuanze na nondo mdogo. Wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta, jina refu kuliko mwili wake. Mabawa yake yakinyoshwa hayapiti milimeta 20, yaani upana wa kidole gumba. Rangi yake ni kahawia ya kijivu kama gome la mti, na mchana hukaa kimya juu ya gome hilo, hata mtu aliyezaliwa katikati ya michungwa aweza kuzeeka asimwone. Yeye ni mwenyeji wa Afrika yetu, kusini ya jangwa la Sahara. Chungwa ndilo mgeni, kwa kuwa asili yake ni Asia; nondo huyu alikuwa akila matunda ya mwituni, na michungwa ilipopandwa aliona ameandaliwa meza mpya. Mwaka 1901 hasara yake ilikuwa imekwisha kuandikwa huko Natal, na mwaka 1913 alipewa jina lake la kitaalamu na Mwingereza aitwaye Edward Meyrick. Kazi ya bwana huyu ilikuwa ualimu wa shule. Nondo aliwachungua kwa saa zake za nafasi. Twasema hivyo makusudi, ili walimu wetu wasidhani ya kuwa mambo haya ni ya watu wa maabara peke yao.

Jike hutaga mayai usiku juu ya ganda la tunda, moja hapa na moja pale, wala si kwa fungu. Yai ni bapa na jeupe, kubwa kama kichwa cha pini. Jike mmoja aweza kutaga mamia. Baada ya siku chache, kukiwa na joto, kiwavi hutoka naye hakawii nje. Hutafuta mahali palipo na mwanya, na katika yale machungwa yenye kitovu hupenda kuingilia hapo kitovuni. Mwanzo ni mweupe mwenye kichwa cheusi; akikua mwili wake huwa mwekundu wa waridi, na urefu wake wapata milimeta 15 au zaidi kidogo. Wakiingia wawili au watatu katika chungwa moja, kwa desturi huishi mmoja, kwa maana wakikutana hulana. Humo ndani hutafuna nyama ya tunda na kuacha kinyesi chake njiani, na tunda huanza kuoza. Wiki tatu hadi tano wakati wa joto, na zaidi wakati wa baridi, hukaa humo asionekane na ndege wala mtu. Hata dawa ya kunyunyiza haimfikii.

Nje twaona nini? Ganda linalozunguka tundu hugeuka rangi na kuwa la manjano, kana kwamba chungwa limeiva upande mmoja tu. Na mdomoni mwa tundu pana unga wa kahawia, ndicho kinyesi kilichosukumwa nje. Kisha chungwa huanguka. Mara nyingi linapoanguka kiwavi yungali ndani. Akiisha kukua hutoka, huingia udongoni, hufuma kifuko na kukigandamiza chembe za mchanga, hata macho yasikitambue. Baada ya wiki mbili tatu za joto hutoka nondo mwenye mabawa, ambaye halidhuru chungwa lako kwa mdomo wake. Hana haja nalo ila kuwatagia watoto wake.

Hapo ndipo tunapoweza kumkamata. Njia yake yote hupita katika tunda lililoanguka. Basi tunda hilo lisiachwe chini. Yaokotwe mara moja kila wiki, na wakati wa joto mara mbili, pamoja na yale yaliyo mtini bado lakini yana alama tulizozitaja. Yazikwe katika shimo la nusu mita, yaani dhiraa moja na kidogo juu yake, na udongo ushindiliwe. Kuyatupa mtaroni hakufai. Kuyarundika mpakani ni kumlelea jirani viwavi. Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja, kwa kuwa nondo hajui mpaka wa shamba. Katika usharika wetu watoto wa kipaimara walizunguka na vikapu kila Jumamosi asubuhi kabla ya mafundisho, na katika miezi mitatu watu waliona tofauti kwa macho. Tena mkumbuke ya kuwa mdudu huyu hana chungwa peke yake. Hula aina za mimea zaidi ya 70: mapera, makomamanga, parachichi, pilipili hoho, pamba, hata mahindi. Mpera mmoja usiochumwa katikati ya michungwa waweza kuiharibu kazi ya watoto wote wale. Katika malimau na ndimu hafanikiwi sana, na mara nyingi kiwavi hafiki ukubwani humo.

Wenye kutaka kuuza mbali wana sababu nyingine ya kumjua. Tangu mwaka 2018 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu machungwa wala pilipili hoho za Afrika kuingia pasipo hakikisho ya kuwa hamna kiwavi huyu. Kiwavi mmoja akionekana katika shehena, mzigo wote waweza kukataliwa. Malimau na ndimu hazikutiwa katika amri hiyo, kwa sababu ile tuliyoitaja. Huko Afrika ya Kusini wamefika mbali katika kupigana naye: tangu mwaka 2007, katika bonde la Citrusdal, hulea nondo hawa kwa wingi mno ndani ya jumba, huwatia mionzi ili wasizae, kisha huwaachilia mashambani. Jike wa shamba akipatana na dume wa namna hiyo, mayai yake hayaanguliwi. Sisi hatuna jumba kama hilo. Tuna vikapu na majembe.

Sasa tueleze kosa letu wenyewe, kwa kuwa lilikuwa kosa la mwalimu aliyefundisha nusu.

Mwaka 2021, mwezi wa Juni, tuliwakusanya watu baada ya ibada tukawafundisha habari za nondo mdogo na kuzika matunda. Hatukumtaja mwingine. Baada ya muda watu wengi walikuja kushukuru. Lakini mzee mmoja, ambaye shamba lake li karibu na msitu, alikuja na uso mzito.

"Baba Mchungaji," alisema, "nimezika matunda mpaka shamba langu limekuwa kama makaburi, na machungwa yaanguka vilevile."

Tulimwuliza, "Mzee wangu, umezika kwa kina gani?"

"Dhiraa moja na nusu."

Tulimwambia aongeze bidii, labda jirani zake hawaziki. Neno hilo tulilisema kwa haraka, tumesimama mlangoni na kofia mkononi, tukienda kwenye mazishi. Hatukwenda kuona. Naye aliondoka na neno lile "jirani" moyoni mwake.

Baada ya wiki moja alirudi na kikapu, akalimwaga mezani petu. Kila chungwa lilikuwa na tundu moja au mawili, duara, dogo, safi, kana kwamba limechomwa sindano. Hapakuwa na unga wa kahawia. Alilibonyeza moja, na maji yakaruka kama katika chupa iliyotoboka. Alilipasua kwa kisu. Chini ya tundu nyama yake ilikuwa kavu kama sponji, na kiwavi hakuna. Alipasua la pili na la tatu.

"Mdudu yuko wapi?" alisema. "Hii ni sindano, Baba Mchungaji. Yuko mtu aingiaye shambani mwangu usiku na sindano yenye dawa." Akamtaja mtu huyo kwa jina: mjane wa mdogo wake, anayelima shamba la pili yake, ambaye kwa miaka minne walikuwa wakishindania mpaka.

Twakiri ya kuwa siku ile hatukuwa na jibu. Na neno likiisha kutoka halingoji mchungaji apate jibu. Kabla ya Jumapili lilikwisha kufika kisimani na dukani. Watoto wa mama yule walisukumwa njiani. Yeye mwenyewe hakuja mezani pa Bwana mwezi ule, na alipoulizwa alisema hawezi kupiga magoti kando ya watu wanaotazama mikono yake. Wazee wa kanisa wawili, watu wa akili, walituuliza kama haifai aitwe barazani akaapishwe. Tuliwaomba usiku mmoja tu.

Tulikwenda watu watatu: yule mzee mwenye shamba, mwalimu wa mtaa ule, na sisi, tukiwa na kurunzi mbili. Hapakuwa na mwezi. Tulikaa chini ya mchungwa bila kusema, na mbu walitutumia vizuri. Ilipopata saa mbili ya usiku mwalimu aliinua kurunzi yake, akagusa mkono wetu. Katika majani, juu ya chungwa moja, palikuwa na nukta mbili nyekundu kama makaa. Tulipokaribia tuliona kitu kama jani kavu limeng'ang'ania ganda la tunda. Na chini ya jani hilo palitoka mrija mgumu uliozama ndani ya chungwa, ukipanda na kushuka kama msumeno mikononi mwa fundi. Mzee alinyosha kidole kumgusa. Yule aliruka, na mabawa yake ya nyuma yalipofunguka yalikuwa ya rangi ya machungwa yaliyoiva, yenye alama nyeusi iliyopindika kama mundu. Tulipozungusha taa tuliona macho mengine ya namna ile katika mti wa pili, na wa tatu.

Mzee alikaa kitako majanini. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe sindano anayo yeye."

Huyu ndiye nondo mkubwa, na jina lake la kitaalamu ni Eudocima phalonia. Mabawa yake yakinyoshwa yapata sentimeta 8 hata 10, kama kiganja cha mtu mzima. Bwana Linnaeus wa Uswidi alimpa jina tangu mwaka 1763, naye huonekana Afrika, Asia, hata visiwa vya Pasifiki. Tena ana ndugu zake wa aina nyingine wafanyao kazi ile ile. Mrija wake si laini kama wa nondo wengine. Ncha yake ni ngumu, ina meno na miiba midogo, nao hupenya ganda la chungwa, la embe, la komamanga na la pera. Hatafuti mahali pa kutagia. Anatafuta maji ya tunda tu. Akiisha kunywa huenda zake, na tundu hubaki wazi. Ukungu huingia hapo, tunda huoza kuzunguka tundu, na baada ya siku chache huanguka. Nondo wengine wasio na mrija mgumu, na wadudu wadogo wa namna nyingi, huja kunywa katika tundu alilolitoboa yeye; hivyo mtu akiwakuta hapo hudhani ndio wenye kosa.

Na watoto wake wako wapi? Hawamo katika chungwa kamwe. Jike hutaga msituni, juu ya mimea itambaayo na kupanda miti, mingi yake yenye majani ya umbo la moyo. Kiwavi wake ni mweusi au wa kahawia iliyoiva, laini kama mahameli, na ubavuni ana alama mbili za duara zinazofanana na macho makubwa. Akiguswa hukunja kichwa chini na kuinua mkia, na watoto wetu humwogopa kama nyoka. Hula majani hayo, kisha huyashona majani pamoja na kulala ndani yake. Tangu yai mpaka mabawa ni kama mwezi mmoja wakati wa joto, na siku hizo zote hajalijua chungwa. Ndiyo sababu mzee wetu alizika matunda mpaka mikono ikatoka malengelenge, asipate faida. Alikuwa akizika tunda tupu. Mdudu mwenyewe alikuwa msituni, akingoja giza.

Tulipoeleza hayo, kijana mmoja alisimama akasema, "Basi tuufyeke msitu." Tulimkataza, na twawakataza wengine wenye shauri hilo. Chemchemi ya mtaa ule yatoka katika msitu huo huo. Tena nondo mwenye mabawa mapana hivi aweza kuruka kutoka mbali, na ukifyeka huku atakuja kutoka kule. Mimea ile ikiwa imeota ndani ya shamba au juu ya ua lako, ing'olewe. Msitu uachwe.

Zilizo njia za kumpinga ni nyingine. Ya kwanza ni kuchuma mapema. Machungwa ya bondeni huiva hali ganda lingali la kijani, na wenye kungoja yapate rangi nzuri mtini humwandalia nondo karamu; yaonjwe, na yakiwa matamu yachumwe. Ya pili ni kufunga matunda katika mifuko ya karatasi, hata ya magazeti ya zamani. Kazi hiyo haiwezekani katika shamba la miti mia, lakini mwenye miti mitano nyumbani aweza kuifanya na watoto wake. Ya tatu ni kutoka usiku na taa na kuwakamata kwa mkono au kwa wavu, hasa katika saa za kwanza baada ya jua kuchwa. Wasomaji wasidhani ya kuwa yatosha kuitundika taa na kungoja nondo waijie. Huyu havutwi sana na taa, imempasa mtu kwenda kwake. Huko Japani wakulima wa matunda huangaza bustani zao usiku kucha kwa taa za njano, maana katika mwanga huo nondo wa jamaa hii hutulia kama wakati wa mchana, wasitoboe. Penye umeme shauri hilo laweza kujaribiwa. Dawa ya kunyunyiza haina nguvu nyingi juu yake, kwa sababu halambi ganda. Hulipenya na kunywa kilicho ndani, naye huja mgeni kila usiku.

Basi mkumbuke mambo haya mnapoliokota chungwa lililoanguka. Tundu lenye unga wa kahawia, na ganda lililogeuka manjano kulizunguka: pasueni, mtamkuta kiwavi mwenye kichwa na miguu, au njia yake. Huyo ni nondo mdogo, zikeni. Tundu safi la duara, lirushalo maji likibonyezwa, na ndani mna sponji kavu pasipo njia ya kiwavi: huyo ni nondo mkubwa, chumeni mapema, tokeni usiku. Lakini fanyeni hivyo katika tunda jipya, lililoanguka leo. Tunda la siku nyingi hudanganya. Likiisha kuchacha, vijiinzi vidogo hutaga katika tundu lo lote, na mwenye kulipasua hukuta funza, akasema, "Kumbe ni yule wa kiwavi," akaenda kuchimba shimo. Sisi wenyewe tulidanganyika hivyo mara mbili.

Asubuhi ya usiku ule mzee hakungoja kengele. Alituomba tumsindikize kwa shemeji yake, akiwa na nondo watatu katika kopo la maziwa lililofunikwa kwa kitambaa. Mama yule alikuwa akifagia uwanja. Alipokea shikamoo yetu, akamsikiliza mzee mpaka mwisho, akawatazama wale nondo katika kopo muda mrefu. Kisha alisema, "Shemeji, mdudu umemwona, nami nashukuru. Lakini maneno yako yamekwisha kutembea mji mzima. Hayo utayazika wapi?"

Mzee hakuwa na jibu. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, aliomba ruhusa akasimama mbele ya usharika, akasema alivyosema na alivyoona. Halafu kwa wiki mbili alipita nyumba kwa nyumba, na kopo lake mkononi, akiwaonyesha watu. Wengine waliamini. Wengine walicheka wakasema mchungaji amempa mzee mdudu wa kumfichia mwenye kosa. Mama alirudi mezani pa Bwana katika Adventi. Wana wake na wa mzee sasa hutoka pamoja usiku na kurunzi wakati wa mavuno, maana nondo ni wa mashamba yote mawili. Shauri la mpaka bado liko mbele ya wazee, na halijaisha.

Walimu wanaotaka kulifanya somo hili katika shule zao na wachukue machungwa kumi yaliyoanguka siku ile ile, wawape watoto kisu na karatasi nyeupe, na kila mtoto aseme aliyoyaona kabla hajaambiwa jina la mdudu. Katika machungwa kumi hayo pengine watapata moja au mawili yasiyopatana na habari zetu: tundu dogo sana, na ndani funza wengi weupe wasio na miguu wala kichwa kinachoonekana, ingawa tunda ni la leo. Hao si watoto wa nondo ye yote. Ni watoto wa inzi wa matunda, na mmoja wao, atokaye Asia, alionekana mara ya kwanza katika Afrika Mashariki mwaka 2003, akaenea kwa upesi wa ajabu. Habari zake ni ndefu; tutazieleza mwezi ujao, Mungu akitujalia.